Otojairo yangu inalalia kushoto kila nikipaa, je nibadilishe mfumo wa kuiongoza?

"Habari za kazi mtaalamu. Nimerusha ndege za rimoti za kawaida miaka mitano hivi, sasa nimejiundia otojairo yangu ya kwanza, ile ndege inayobebwa na mapanga yanayozunguka juu (rota). Ina kilo 1.5, rota moja ya mapanga matatu yenye kipenyo cha mita 1.2, propela iko mbele, matairi matatu. Kichwa cha rota kinainama pande zote kwa servo mbili (vimota vidogo vinavyofuata stiki ya rimoti), mkiani kuna usukani tu. Nimejaribu kupaa mara tatu na zote imefanya kitu kilekile: inakimbia, inainuka kama nusu mita, halafu inalala kushoto na kupiga mapanga chini, hata nikisukuma stiki kulia mpaka mwisho. Mmoja kaniambia niweke vibawa vyenye eileroni, vile vipande vya nyuma ya bawa vya kuilaza ndege kulia au kushoto. Mwingine anasema otojairo ni helikopta tu, nifunge kichwa cha helikopta. Wa tatu anasema ninunue jairo ya kutuliza, kile kifaa kinachohisi ndege ikiyumba na kuirekebisha chenyewe, itamaliza kila kitu. Nimebaki na seti moja ya mapanga. Mfumo gani wa kuongoza ndo sahihi?"

Pole ndugu yangu, na pole zaidi kwa mapanga. Mi seti yangu ya kwanza haikumaliza dakika moja tangu niifunge, kwa hiyo usidhani umeanza vibaya kuliko wengine.

Nikujibu kwanza halafu ndo tuzungumze. Mfumo ulionao ni mzuri na ukiubadilisha leo, modeli yako italala kushoto kesho kama ilivyolala jana. Kinachokuangusha ni kasi ya rota. Unapaa wakati rota bado haijazunguka vya kutosha, na rota ikiwa hivyo hata ungekuwa na servo kumi pale juu stiki yako haina kazi. Hilo tukishalimaliza ndo swali lako la mfumo linakuwa na maana, na lina maana kweli, nitalifikia.

Huyo aliyekwambia ni helikopta tu, msamehe, wengi wanafikiri hivyo kwa sababu juu kuna panga linazunguka. Kwenye helikopta mota ndo inazungusha rota, hewa inavutwa kutoka juu inasukumwa chini. Kwenye otojairo hakuna mota inayozungusha rota, propela kazi yake ni kuivuta ndege mbele basi, halafu rota imeinamishwa nyuma kidogo, hewa inaingia kutokea chini na kupita kati ya mapanga kwenda juu, na hewa hiyo ndo inayoyazungusha. Ndo maana pembe ya mapanga ya otojairo inashangaza watu: wengi tunayafunga kwenye sifuri au hata yakiinama chini kidogo upande wa mbele, nyuzi moja au mbili, tukipima kwenye tumbo bapa la panga. Mtu wa helikopta akiona anadhani umekosea. Ukiyapandisha kama ya helikopta rota haitaanza kuzunguka kabisa, itasimama tu inakuangalia.

Sasa huko kulala kushoto. Rota inazunguka huku ndege inakwenda mbele, kwa hiyo panga la upande mmoja linakwenda kukutana na upepo na la upande wa pili linaukimbia. Chukua modeli yako, kutoka katikati mpaka ncha ni sentimita 60. Tuseme rota inazunguka mara 600 kwa dakika, ncha inakwenda kama mita 38 kwa sekunde. Ndege yenyewe inakimbia mita 10 kwa sekunde. Panga linalokutana na upepo, ncha yake inaona hewa ya mita 48, linalokimbia inaona 28. Nguvu ya kuinua inafuata kasi mara yenyewe, kwa hiyo pale nchani upande mmoja ungeinua karibu mara 3 ya mwingine kama mapanga yangekuwa yamekazwa. Sio ndogo, ila inabebeka, nitakwambia inabebwaje. Sasa punguza rota iwe mara 300 kwa dakika, ndege bado ile mita 10. Ncha inakuwa mita 19, upande mmoja 29, mwingine 9. Piga hesabu uone: tofauti sasa ni mara 10, na ile sehemu ya ndani ya panga linalokimbia inapulizwa kinyumenyume. Hapo ndo modeli yako inapolala, na inalala upande wa panga linalokimbia upepo, kila mara, bila huruma.

Hukuniambia rota yako inazunguka upande gani lakini nakisia: ukiitazama kutoka juu inazunguka kinyume cha saa. Panga linalokimbia upepo lipo kushoto, ndege inalala kushoto. Juu ya hilo propela yako, kama ni ya kawaida inayozunguka kisaa ukiitazama kwa nyuma, nayo inausukuma mwili wa ndege kushoto kila ukiongeza throto, yaani nguvu ya mota, ghafla. Yaani maadui wawili wamekaa upande mmoja. Kwenye modeli yako ijayo fanya rota izunguke kisaa ili hao wawili wavutane, ila usijaribu kuigeuza hii kwa kupindua mapanga juu chini, mapanga ya kisaa yanatengenezwa ya kisaa.

Tatizo hili ni la zamani kuliko wewe na mimi. Juan de la Cierva, yule Mhispania aliyebuni otojairo, mashine zake za mwanzo zilikuwa zinapinduka ubavu hivihivi. Kilichomtoa ni bawaba. Alifunga kila panga kwa bawaba mahali linapoungana na kichwa ili liweze kupanda na kushuka lenyewe, na Januari 1923 mashine yake ya C.4 ikaruka. Panga likipata upepo mwingi linapanda, na likipanda linapunguza pembe yake dhidi ya hewa, nguvu inapungua, la upande wa pili linashuka na nguvu yake inaongezeka, pande zinalingana. Halafu panga halifiki juu kabisa palepale lilipopigwa, linafika robo mzunguko baadaye, yaani mbele ya ndege, kwa hiyo badala ya duara zima la rota kuinamia ubavuni linainamia nyuma. Kwenye modeli zetu hiyo bawaba mara nyingi ni bapa jembamba la faiba linalopinda. Kama bapa lako ni gumu mno, sehemu ya ule mlalo inabaki ubavuni na hakuna stiki itakayoimaliza vizuri. Shika ncha ya panga uinue kwa kidole: inatakiwa ipande kwa urahisi, bila kubishana na wewe. Wengine wanaiweka bawaba kimshazari, panga likipanda linajipunguzia pembe lenyewe, ni mpango mzuri sana, kama mchoro wako unao usiuondoe.

Tuje kwenye mifumo yenyewe, nikianza na ile uliyoshauriwa.

Vibawa na eileroni. Cierva naye alianza hivyo, mashine zake za miaka ya 1920 zilikuwa na vibawa vyenye eileroni pembeni. Shida yake ni kwamba eileroni inahitaji upepo upite juu ya bawa kwa kasi, na otojairo sifa yake ni kwenda polepole, kwa hiyo pale unapoihitaji sana, karibu na ardhi, yenyewe imelala. Na ndege ikikimbia kibawa kinaanza kubeba uzito, rota inabaki na mzigo mdogo, na rota isiyo na mzigo inapungua kasi. Unaona tumerudi palepale. Ukitengeneza modeli ya kuigiza zile za kale, sawa weka, zinapendeza. Kwa kutatua shida yako hapana.

Kichwa cha helikopta chenye sahani ya kubadili pembe ya kila panga likizunguka, kinafanya kazi, wapo waliokifunga na wanaruka vizuri tu. Lakini umeongeza viungo vidogo kumi na kitu, kila kimoja kina uchezaji wake, kupata kitu ambacho kichwa chako kinachoinama tayari kinakupa. Mi siwezi kukushauri kwa modeli ya kwanza.

Jairo ya kutuliza ni kifaa cha kweli sio uongo, ikiwekwa kwenye mhimili wa kulala kulia na kushoto inasaidia siku ya upepo wa vipindi. Ila fikiria inachofanya: inasukuma servo ileile unayosukuma wewe. Wewe ulipeleka stiki kulia mpaka mwisho na haikusikia, jairo itapeleka mpaka mwisho haraka kuliko wewe na haitasikia vilevile. Ukija kuiweka baadaye tumia ile hali ya kawaida ya kupunguza mtikisiko tu, kwa nguvu ndogo. Ile hali ya kushikilia pembe iache, kwa sababu ndege ikiwa inatikisika chini matairini inaanza kurundika amri, ukiinuka tu inakutupa upande.

Kuna mfumo mwepesi kuliko yote ambao hakuna aliyekutajia, kichwa kimekazwa hakiinami, unaongoza kwa usukani na eleveta tu, ile sehemu ya mkiani ya kupandisha na kushusha pua. Ukigeuza pua kwa usukani, kwa kuwa mapanga yamepanda kidogo kama mwavuli uliogeuzwa, upande mmoja unapata hewa zaidi na ndege inalala yenyewe kufuata kona. Kwenye modeli ndogo nyepesi za povu ni raha tupu, hakuna cha kuharibika. Ubaya wake inajibu kwa kuchelewa, na mkia unategemea upepo wa propela, ukikata throto ghafla mkia nao unanyamaza. Nimeona watu wanakunja kona, ndege inachelewa, wanaongeza usukani, inachelewa tena, wanaongeza, halafu inaitika yote kwa pamoja na kushuka kwa mzunguko hadi chini.

Rota mbili pembeni, kushoto na kulia, zinazozunguka kinyume, zinafuta kabisa ule mlalo kwa sababu kila moja inaulipa wa mwenzake. Kwa anayeanza ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, japo ni pana kuibeba na lazima rota zote ziwe na kasi inayokaribiana kabla ya kupaa. Moja ikipoteza kasi, unajua kinachofuata.

Halafu ndo huu wako, kuinamisha kichwa chenyewe. Cierva alifika hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwenye C.30 rubani alikuwa anashika mti wa kuongozea unaoning'inia kutoka kwenye kichwa cha rota juu yake, vibawa vikatupwa. Uzuri wake ni kwamba haujali ndege inakwenda kasi gani, ili mradi rota inazunguka una uongozi, hata ukishuka karibu wima. Bei yake inalipwa na servo. Mtikisiko wote wa rota unaishia kwenye gia zake, kwa hiyo weka servo zenye nguvu na gia za chuma, na uchezaji kwenye viungo usiwepo. Fanya hivi: washa umeme, shika kichwa cha rota kwa mikono miwili ukitikise. Kikicheza hata milimita moja pale kwenye mkono wa servo kabla servo haijaanza kubisha, tengeneza hilo kwanza. Mapanga matatu uliyochagua ni sawa, rota ya mapanga mawili inatikisa kichwa zaidi.

Ila mi ningekuwa wewe ningeongeza eleveta mkiani, na kwenye rimoti nikaiunganisha na kichwa, ukivuta stiki vyote viwili vinaitika. Propela yako iko mbele, inapuliza mkia moja kwa moja, kwa nini usiutumie upepo wa bure? Wapo wanaokwenda mbali zaidi, kichwa wanakiachia kulala kulia na kushoto tu, na kazi ya kupandisha pua wanaiachia eleveta, servo moja imepungua juu. Kwa modeli ya kuanzia kuijenga huo ndo ninaoupenda kuliko yote. Kwako, kwa kuwa una matairi matatu na ndege imekaa bapa chini, usikipoteze kile cha kuinamisha kichwa nyuma, utakihitaji kuamsha rota. Wenye tairi la mkia ndege yao imeshaketi pua juu, rota imeinama yenyewe.

Sasa kazi ya Jumamosi. Kabla ya yote angalia beringi ya rota. Beringi nyingi mpya zina grisi nzito ndani, ioshe, tia tone la mafuta mepesi. Sukuma panga kwa kidole, rota inatakiwa iendelee kuzunguka kwa muda, isikate kama mlango wenye kutu. Halafu ining'inize ndege kwa kamba kutoka kwenye kichwa cha rota, pua iinamie chini kidogo, fuata kipimo cha mchoro wako, nyuzi 10 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikining'inia pua juu usiirushe. Hakikisha na propela imeelekezwa chini kidogo, mstari wa mvuto wake upite karibu na kitovu cha uzito.

Tafuta siku yenye upepo wa kawaida, usiogope upepo, otojairo inaupenda. Bandika kipande cha utepe wa rangi kali karibu na ncha ya kila panga, uzito uleule kwa yote matatu. Simama kuelekea upepo, throto imezimwa kabisa na mota imefungwa isiweze kuwaka, inua ndege juu ya kichwa pua ikiangalia juu kidogo, sukuma rota kwa mkono, tembea. Mwanzo utasikia fwap, fwap, fwap, utepe unauona unapita mmojammoja. Hatua chache ukiongeza mwendo sauti inaungana, na zile tepe zinageuka kuwa duara moja la rangi, na mkono wako unahisi ndege imekuwa nyepesi. Hiyo ndo rota iliyo hai. Isikilize mpaka uijue, kwa sababu hiyo sauti ndo ruhusa yako ya kupaa. Kama inazunguka kivivu tu na haiongezi, pembe ya mapanga iko juu mno, weka kabari nyembamba ushushe nusu nyuzi ujaribu tena. Ukiwa na kipima mizunguko cha mwanga ni vizuri zaidi, unapata namba badala ya kubahatisha.

Siku ya kupaa, weka chini ikielekea upepo, anzisha rota kwa mkono, stiki nyuma kabisa, throto kidogo tu iende mwendo wa mtu anayetembea. Ngoja. Hapa ndo unapokosea, nina hakika, maana umetoka kwenye ndege za kawaida na huko tumezoea throto yote, mbio, juu. Ukifanya hivyo hapa ndege inapata kasi kabla ya rota, na ile hesabu ya mara 10 inakuwa yako. Ongeza kidogo rota ikikupa sauti, ongeza tena. Pua ikianza kunyanyuka legeza stiki kidogo, iache iondoke yenyewe. Ikianza kulala kushoto ungali chini, usipigane nayo, kata throto. Utapata aibu ya sekunde mbili na mapanga utabaki nayo.

Ukiwa juu, kupanda na kushuka ni kazi ya throto kuliko stiki. Usisukume stiki mbele kwa nguvu hata siku moja. Rota inazunguka kwa sababu imebeba uzito na hewa inatoka chini, ukiisukuma ndege ikawa kama imeachwa hewani hakuna mzigo, rota inapungua haraka, na kuirudisha huwezi, utavuta stiki kwenye rota iliyokufa. Mota ikizima wala usiogope, itashuka kwa mteremko mkali huku inazunguka, vuta kidogo ukikaribia ardhi.

Ukishahakikisha rota ina kasi kweli na bado inavuta kushoto kidogo ikiwa hewani, hapo ndo inamisha kichwa kulia kwa trimu (marekebisho madogo ya kudumu kwenye rimoti) au kwa kurekebisha mkono wa servo, nyuzi mbili au tatu zinatosha. Ikihitaji zaidi ya hapo acha kurusha, kuna kitu hakiko sawa, bapa gumu, panga moja lina pembe tofauti na wenzake, au mlingoti unaobeba rota umepinda.

Hapo usiendelee kusoma majibu ya watu kama mimi, ipeleke kwa mtu aliyekwisha kurusha otojairo, sio ndege tu wala helikopta, aishike kwa mikono yake na ikiwezekana akurushie ya kwanza wewe ukitazama. Mtu wa hivyo akigusa mapanga atakwambia kwa dakika tano kitu ambacho mi siwezi kukiona kwenye maandishi. Mpeleke pia ukiona servo zinatetemeka rota ikizunguka, au kichwa kinapata joto. Na ile seti iliyobaki, kabla ya kuifunga, ipinde kila panga taratibu kwenye mwanga ukiangalia pale linapofungwa na skrubu. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, lisigandishwe gundi wala kufungwa tepu, livunje mwenyewe kabisa ulitupe. Panga linalochomoka likiwa kwenye kasi linaruka usawa wa duara la rota, na usawa huo kwa modeli inayokimbia chini ni magoti, ikiinuliwa mkononi ni uso wa aliyesimama karibu. Kwa hiyo hata kwenye lile jaribio la kutembea nayo, watoto na watazamaji wakae nyuma yako mbali, pembeni asisimame mtu.